Kitambaa cha Dari la Gari Kikiachia: Namna ya Kukirudisha

Matabaka matatu ya dari

Dari la ndani la magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 lina matabaka matatu. La juu, linaloelekea bati la paa, ni ubao mwepesi uliofinyangwa kufuata umbo la paa. Ubao huo huwa wa nyuzi za kioo zilizoshindiliwa, wa karatasi nzito, au wa povu gumu. La chini ni kitambaa anachokiona abiria, mara nyingi cha nailoni au poliesta iliyofumwa ili ivutike kidogo. Katikati kuna sponji nyembamba ya milimita 3 hadi 5, ambayo hulifanya dari liwe laini mkononi na kuficha mabonde madogo ya ubao.

Kitambaa na sponji huunganishwa kiwandani kwa moto: uso wa sponji huyeyushwa kidogo, kisha kitambaa hukandamizwa juu yake kabla haujapoa. Baadaye upande wa pili wa sponji hubandikwa kwenye ubao kwa gundi. Kwa hiyo kitambaa hakigusani kabisa na ubao. Uzito wake wote umebebwa na sponji, na sponji ikifa kitambaa hakina cha kukishika.

Hilo ndilo jambo la msingi katika kazi hii nzima. Dari linapolegea, wengi husema gundi imeachia, na huenda moja kwa moja kununua gundi. Lakini ubao ukikaguliwa, gundi ya zamani mara nyingi bado imeng'ang'ania pale ilipopakwa kiwandani, na kitambaa chenyewe ni kizima. Kilichokufa ni sponji iliyo kati yao. Imegeuka unga wa rangi ya kahawia au chungwa unaopukutika na kuanguka juu ya viti na mabega ya abiria. Gundi mpya ikipakwa juu ya unga huo hushika unga, wala haishiki ubao, na baada ya wiki chache kitambaa huning'inia tena.

Kwa nini sponji hufa

Sponji hii hutengenezwa kwa poliurethani. Aina moja ya poliurethani huharibiwa na unyevu, ambao huvunja minyororo ya kemikali inayoishikilia. Nyingine huharibiwa zaidi na oksijeni, mwanga na joto. Kwa vyovyote vile, joto huharakisha uharibifu, na dari ndilo lililo karibu kabisa na bati linalochomwa na jua. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani mchana hupata joto la nyuzi 60 au zaidi ndani yake, na bati la paa, hasa la rangi nyeusi, huwa la moto kuliko hewa iliyo chini yake. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, unyevu wa bahari huongezeka juu ya joto hilo, na sponji hushambuliwa kutoka pande zote mbili.

Umri wa sponji huhesabiwa tangu gari lilipotoka kiwandani, si tangu liliposhushwa bandarini. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na hata gari linalotimiza sharti hilo laweza kufika likiwa na sponji iliyokwisha kutumikia sehemu kubwa ya maisha yake. Land Rover Discovery za miaka ya 1990, Volvo 850, na BMW na Volkswagen nyingi za wakati huo zinafahamika sana kwa tatizo hili. Baadhi ya magari ya Kijapani hayalijui, kwa kuwa dari lake ni la nyuzi zilizoshindiliwa moja kwa moja juu ya ubao bila sponji katikati.

Uchunguzi wa kwanza

Kabla ya kufungua chochote, chanzo cha kulegea kinapaswa kujulikana. Kitambaa kilicholegea hupapaswa kwa kiganja. Kikitoa sauti ya mchanga na vumbi likaanguka pembeni, sponji imekwisha. Kikiwa na madoa ya duara yenye ukingo wa kahawia, au kikinuka ukungu, kuna maji yanayoingia, na dari jipya halitadumu kabla ya maji hayo kuzibwa.

Maji huingia kwa njia chache zinazojulikana: matundu ya skrubu za reli za mizigo juu ya paa, mguu wa antena, ukingo wa juu wa kioo cha mbele ambacho raba yake imekauka, na kutu kwenye mfereji wa bati ulio pembeni mwa paa. Gari lenye dirisha la paa lina njia nyingine. Fremu ya dirisha hilo ina mirija midogo kwenye kona zake inayoteremsha maji ya mvua hadi chini ya gari. Mirija ikizibwa na vumbi na majani, maji hufurika na kuingia darini. Kuijaribu ni rahisi: kikombe cha maji humiminwa taratibu kwenye mfereji wa fremu, na maji yaonekane yakitoka chini ya gari. Yasipotoka, mrija huzibuliwa kwa uzi laini wa plastiki. Upepo mkali wa kompresa haufai hapo, kwa sababu huweza kuuchomoa mrija kwenye kiungio chake huko ndani mahali pasipofikika.

Tiba za muda

Zipo njia za kulishikilia dari kwa miezi michache bila kulitoa. Inayodhuru kidogo ni pini fupi zenye mwili wa kusokotwa kama bisibisi, ambazo huzungushwa kupitia kitambaa hadi kwenye ubao kwa mpangilio wa safu. Huzuia kitambaa kisimzibe dereva kioo cha nyuma, na hutolewa bila kuacha alama kubwa. Hazifai kuwekwa pembeni mwa dari katika magari yenye mifuko ya hewa ya usalama kando ya paa.

Njia nyingine zina hasara nyingi kuliko faida. Kupuliza gundi kupitia kitambaa huacha madoa magumu yasiyotoka, na gundi huishia kwenye unga wa sponji. Kuipenyeza kwa sindano hushika nukta moja moja na kuacha viputo kati yake. Pini za stepla hutoboa kitambaa, na katika ubao wa karatasi hung'oka kwa mtikisiko wa barabara. Kitambaa kilichoharibiwa hivyo hakiwezi hata kutumika kama kipimo cha kukatia kipya.

Vifaa

Kitu kikubwa cha kununua ni kitambaa cha dari kilichokwisha kuunganishwa na sponji. Huuzwa kwa mita, na upana wake wa kawaida ni inchi 60, yaani sentimita 152 hivi. Urefu wa ubao hupimwa katika sehemu yake ndefu kabisa kwa kufuata mkunjo wake, kisha huongezwa sentimita 15. Gari la kawaida la saluni huhitaji mita 2 hadi 2.5, gari lenye mgongo mrefu huhitaji 3 au zaidi.

Kitambaa kisicho na sponji hakifai. Gundi hupenya na kuonekana upande wa pili, na kila donge la ubao hujichora juu yake. Kitenge na vitambaa vingine vya pamba vina upungufu wa ziada: havivutiki, hivyo hukunjamana kwenye mabonde ya vikinga jua na taa, na huwaka haraka. Vitambaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya magari hupimwa uwezo wa kushika moto. Kanuni ya Marekani inayojulikana kama FMVSS 302, iliyoanza kutumika mwaka 1972, inataka moto usitambae juu ya kitambaa cha ndani ya gari kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Kwa kitu kilicho juu ya vichwa vya watu waliofungwa mikanda, tahadhari hiyo si ya kupuuzwa.

Gundi inayofaa ni ile inayopakwa pande zote mbili, ikaachwa ikauke kidogo, kisha pande hizo zikakutanishwa. Lebo yake ionyeshe kwamba inavumilia joto la nyuzi 70 au zaidi. Gundi za matumizi ya jumla hulainika kwenye joto la chini ya hapo, na dari lililobandikwa kwa gundi hizo hurudi kuning'inia msimu wa kwanza wa jua kali. Makopo mawili au matatu ya kupuliza, yenye takriban mililita 500 kila moja, kwa kawaida hutosha saluni moja. Mafundi viti wengi hutumia gundi ya manjano ya kopo, ile ya mafundi viatu, kwa brashi au bunduki ya kupulizia. Nayo hufaa ikiwa ni ya daraja la kuvumilia joto na ikapakwa nyembamba.

Vifaa vingine ni bisibisi bapa na ya nyota, biti za Torx, kipande bapa cha plastiki cha kung'olea klipu, brashi ya nyuzi za plastiki kama ya kufulia, mashine ya kuvuta vumbi, mkasi mkali, kisu chenye wembe mpya, barakoa, miwani na glovu. Klipu chache za akiba ni vyema ziwepo mapema, kwa maana plastiki ya zamani hukatika.

Kulitoa dari

Dari halibandikwi vizuri likiwa ndani ya gari. Hakuna nafasi ya kusugua ubao, gundi humdondokea fundi usoni, na kingo haziwezi kukunjwa nyuma. Ubao lazima utoke.

Kazi huanza kwenye betri. Waya wa hasi huchomolewa, na gari huachwa kwa muda uliotajwa katika kitabu chake kabla ya kugusa sehemu zilizo karibu na mifuko ya hewa. Dakika 10 hutosha kwa magari mengi. Magari yenye mifuko ya hewa ya pembeni huwa na alama kwenye vifuniko vya nguzo. Mifuko hiyo imekunjwa kando ya paa, nyuma kabisa ya ukingo wa dari. Haifunguliwi, haivutwi, wala soketi zake hazipimwi kwa taa ya umeme.

Baada ya hapo hutolewa kila kinacholishikilia dari: vikinga jua na kulabu zake, mishikio ya abiria, taa za ndani, kulabu za kutundikia nguo, na kioo cha nyuma kama kimefungwa darini. Skrubu za mishikio hujificha chini ya vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zake. Kioo cha taa hung'olewa taratibu kwa ncha bapa, na skrubu huonekana chini yake. Kisha raba za milango huvutwa kutoka kwenye ukingo wa juu, na vifuniko vya nguzo za mbele, kati na nyuma huachiwa klipu zake. Katika baadhi ya magari, kifuniko cha nguzo ya kati hakitoki mpaka boliti ya juu ya mkanda ifunguliwe. Boliti hiyo inabeba uhai wa mtu. Ikirudishwa ikazwe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji.

Klipu na vifuniko vya plastiki vya gari la zamani havivunjiki kirahisi vikiwa na joto. Saa ya kuvifungua ni mchana, gari likiwa limepigwa jua kidogo, kuliko alfajiri. Kila hatua ipigwe picha kwa simu, na skrubu za kila sehemu ziwekwe kwenye mfuko wake ulioandikwa jina.

Kabla ya kuushusha ubao, mkono hupitishwa juu yake kutafuta nyaya za taa, mrija wa maji ya waipa ya nyuma, na madonge ya gundi yanayoushikilia kwenye bati katika baadhi ya magari. Vyote huachiwa kwanza. Watu wawili huushika ubao, mmoja mbele na mwingine nyuma, viti vya mbele vikiwa vimelazwa kabisa. Gari lenye mlango wa nyuma hutolewa dari kupitia mlango huo. Katika saluni ubao hupitishwa mlango wa mbele wa abiria, ukiinamishwa kona moja baada ya nyingine. Ubao ukigoma, kuna skrubu iliyosahaulika au njia haijapatikana. Ukilazimishwa, huvunjika katikati, na mvunjiko huo huonekana hata chini ya kitambaa kipya.

Kusafisha ubao

Hapa ndipo dari jipya hudumu au hufa. Kubandika huchukua nusu saa. Kusafisha huweza kuchukua saa mbili, na kila dakika ina faida.

Ubao huwekwa umelala, uso juu, kwenye meza pana au magodoro mawili yaliyosogezwa pamoja, nje ya nyumba na mbali na upepo unaoelekea kwa watu. Fundi huvaa barakoa na miwani, kwani vumbi la sponji na nyuzi za kioo huwasha koo, macho na ngozi. Kitambaa cha zamani hubanduliwa polepole kuanzia ukingo mmoja, kipande kizima. Hakitupwi; kitatumika kuonyesha matundu yalipo na upande unaovutika.

Mabaki ya sponji husuguliwa kwa brashi ya plastiki kwa nguvu ya wastani, kwa mwendo wa upande mmoja, yakifagiwa na kuvutwa na mashine kila baada ya eneo dogo kukamilika. Brashi ya waya hairuhusiwi kwenye ubao wa karatasi au nyuzi za kioo, kwa sababu huchana uso wake na kuacha manyoya yasiyoshika gundi. Maji hulainisha ubao wa karatasi na kuupinda. Petroli na thina hulowesha gundi ya zamani na kuisambaza badala ya kuitoa. Kazi hii hufanywa kavu.

Mabonde ya vikinga jua, ya taa na ya kingo ndiyo yanayofichwa na uvivu, na ndiyo yanayoachia kwanza. Huko brashi ndogo, kama mswaki mkuukuu, hufika vizuri. Tabaka jembamba na gumu la gundi ya kiwandani lililoshika barabara laweza kubaki, mradi halina madonge. Kipimo cha mwisho ni kiganja: kikipitishwa juu ya ubao mzima kikarudi kisafi, ubao uko tayari. Kikirudi na unga, kazi haijakwisha.

Kuutengeneza ubao

Ubao mtupu huonyesha majeraha yote yaliyokuwa yamefichwa. Ufa hubandikwa kutoka upande wa nyuma kwa kipande cha kitambaa chepesi cha nyuzi za kioo na resini, au kwa kitambaa cha pamba na gundi nyeupe ya mbao kama ubao ni wa karatasi. Huachwa ukauke kabisa ukiwa umeegemezwa katika umbo lake la asili. Ukikauka ukiwa umepinda, utabaki umepinda. Sehemu iliyolainika kwa maji huimarishwa vivyo hivyo. Vishimo vidogo upande wa mbele havihitaji kujazwa, kwa kuwa sponji mpya itavificha, lakini vivimbe husuguliwa kwa msasa laini hadi vikae sawa. Ubao uliokatika vipande au ulioliwa na ukungu ni bora kubadilishwa na mwingine kutoka gari la aina hiyo hiyo lililouzwa kwa vipuri, hata kama kitambaa chake kimelegea pia.

Kukata kitambaa

Kitambaa kipya hutandazwa juu ya ubao na kuachwa saa chache ili mikunjo ya robota ilegee. Hakipigwi pasi, kwa maana joto hubana sponji na kuacha alama. Hukaguliwa kinavutika kuelekea wapi, na manyoya yake yanalala upande gani. Mvutiko mkubwa huelekezwa pale penye mabonde mengi, kama ilivyokuwa kwenye kitambaa cha zamani. Ikiwa gari lina vikinga jua au kifuniko cha dirisha la paa vinavyohitaji kitambaa hicho hicho, manyoya yote yalale upande mmoja. Yakipishana, rangi moja huonekana kama mbili.

Kisha hukatwa kikiwa kikubwa kuliko ubao kwa sentimita 5 hadi 8 kila upande. Matundu hayakatwi sasa. Tundu likikatwa kabla ya kubandika, kitambaa huvutika na tundu huhama mahali pake.

Kupaka gundi na kubandika

Siku ya kubandika iwe kavu, na mahali pawe pa kivuli chenye hewa. Gundi inapokauka hupoza uso iliopakwa, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, umande mwembamba huganda juu ya gundi na kuizuia isishike. Siku ya mvua haifai. Pwani, saa za katikati ya asubuhi, baada ya umande wa alfajiri kukauka, ni bora kuliko mapambazuko. Mvuke wa gundi hizi huwaka na hulevya: pasiwe na jiko, sigara wala fundi wa kuchomelea karibu, na kazi isifanyike ndani ya gereji iliyofungwa milango.

Kitambaa hulazwa juu ya ubao katika mahali pake hasa, kisha nusu yake ya mbele hukunjwa nyuma, sponji ikiwa imetazama juu. Gundi hupakwa kwenye nusu hiyo ya sponji na kwenye nusu ya ubao iliyo wazi. Tabaka liwe jembamba na lenye usawa, bila dimbwi. Gundi ikizidi hupenya sponji, huigandisha, na hujitokeza kwenye kitambaa kama doa jeusi lisilotoka. Kwenye kingo na mabondeni ubao hupakwa mara mbili.

Kisha husubiriwa. Kwa gundi nyingi ni dakika 5 hadi 15, kwa kufuata lebo na hali ya hewa. Gundi iko tayari pale inapoguswa kwa mgongo wa kidole ikawa inanata lakini haibaki kidoleni. Ikiwa bado mbichi, sponji huteleza na mvuke uliofungiwa hutengeneza viputo. Ikikauka kupita kiasi, haishiki.

Kubandika huanza kwenye mstari wa katikati, pale kitambaa kilipokunjiwa. Mtu mmoja hukishika kitambaa kikiwa kimeinuliwa, mwingine hukilaza kidogo kidogo kwa kiganja kilichonyooshwa, kutoka katikati kwenda mbele na kutoka katikati kwenda kando. Hakivutwi kwa nguvu. Kitambaa kilichovutwa kama ngozi ya ngoma hujaribu kurudi, na pahali pa kwanza kinapojiachia ni bondeni. Kinapofikia bonde, hupelekwa chini kwanza kwa ncha za vidole hadi kishike sakafu ya bonde, ndipo kikapandishwa upande wa pili. Kikirukishwa bonde na kubandikwa ng'ambo, hubaki daraja la hewa ambalo joto litalibandua.

Mkunjo ukitokea, kitambaa hubanduliwa polepole katika dakika ya kwanza na kulazwa upya. Baadaye gundi huwa imeshika, na kukivuta huchana sponji. Nusu ya mbele ikikamilika, nusu ya nyuma hukunjwa na kufanyiwa vivyo hivyo kuanzia mstari ule ule wa katikati, ili pasiwe na ufito wa katikati usio na gundi.

Kingo na matundu

Ubao hugeuzwa. Kingo zitakazoonekana, hasa za mbele karibu na kioo na za dirisha la paa, hukunjiwa nyuma kwa sentimita 2 au 3 na kubandikwa. Kwenye kona za duara kitambaa hukatwa vipasuo vyembamba kama vya kukunja pindo la duara, ili kisirundikane. Kingo zitakazofichwa na raba za milango au vifuniko vya nguzo hukatwa sambamba na ubao, kwa sababu unene wa ziada huzuia vifuniko kukaa. Katika magari yenye mifuko ya hewa ya pembeni, ukingo wa upande hurudishwa ulivyokuwa kiwandani, bila kuongezwa gundi wala kuunganishwa na vifuniko. Mfuko unapaswa kuusukuma na kutoka bila kizuizi.

Matundu hutafutwa kwa kubonyeza kidole kutoka upande wa nyuma. La taa hukatwa alama ya msalaba kwa wembe, na pembe nne zinazopatikana hukunjiwa ndani na kubandikwa. La skrubu hutosha mpasuo wa milimita chache. Tundu dogo huweza kuongezwa. Lililokatwa kubwa halirudishwi, hivyo ubao na kitambaa cha zamani hulinganishwa kwanza.

Dari lililokamilika huachwa kivulini likiwa limelala kwa saa 24 kabla ya kurudishwa. Gundi huonekana imeshika baada ya saa moja, lakini nguvu yake ya kuvumilia joto huja baadaye.

Kulirudisha

Mikono huoshwa, na viti hufunikwa shuka safi. Ubao huingizwa kwa njia ile ile uliyotokea, nyaya na mirija huunganishwa kwanza, kisha taa ya ndani na mishikio hufungwa bila kukazwa ili ubao ushike mahali pake. Matundu yote yakilingana, vikinga jua hurudishwa, skrubu hukazwa, na mwisho vifuniko vya nguzo na raba za milango. Raba irudi juu ya ukingo wa kitambaa, si chini yake. Boliti za mikanda hukaguliwa mara ya pili, na mikanda huvutwa kuona kama inakimbia na kujifunga. Ndipo waya wa betri unarudishwa. Taa ya onyo ya mifuko ya hewa inatakiwa kuwaka na kuzima gari linapowashwa. Ikibaki imewaka, gari lipelekwe kwa fundi mwenye kifaa cha kusomea hitilafu kabla ya kutumika.

Madari yasiyo na ubao

Magari ya zamani zaidi, Volkswagen ya kobe miongoni mwao, hayana ubao wala sponji. Dari lake ni kitambaa au plastiki laini iliyoshonewa pindo ndefu upande wa juu, na ndani ya kila pindo hupita fimbo ya chuma iliyopinda kama upinde, ambayo ncha zake huingia katika matundu ya fremu ya paa. Kingo hubandikwa kwenye mdomo wa bati kuzunguka milango na vioo. Dari la namna hii halilegei kwa kufa kwa sponji. Huchanika, hukakamaa, au hutoka kingoni.

Ukarabati wake ni wa cherehani zaidi kuliko gundi. Dari la zamani hutolewa zima na kuwa kielelezo cha kushonea jipya. Fimbo huandikwa namba tangu mbele hadi nyuma kabla ya kutolewa, kwa kuwa kila moja ina urefu na mkunjo wake, na mbili zikibadilishana mahali dari zima huenda upande. Kutu kwenye fimbo husuguliwa na kupakwa rangi, isije ikatia doa kitambaa kipya. Dari la plastiki huanikwa juani lilainike, fimbo hupachikwa zote, kisha kingo huvutwa na kushikizwa kwa vibanio kwanza mbele na nyuma, halafu kushoto na kulia, kidogo kidogo kwa zamu hadi mikunjo iishe. Gundi ya kudumu huja mwisho.

Kulitunza dari jipya

Dari lenye sponji halisuguliwi kwa maji mengi. Doa hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu mdogo wa maji na sabuni laini, kwa kugusagusa na si kwa kukandamiza, na dari huachwa likauke milango ikiwa wazi. Dawa kali za kusafishia hupenya hadi kwenye gundi. Kuegesha kivulini, au kufungua vioo kidogo pale panapo usalama, hupunguza joto linaloila sponji kutoka juu. Mirija ya dirisha la paa na mifereji ya maji hukaguliwa kabla ya kila msimu wa masika, na doa la kwanza la maji likionekana, hufuatwa hadi chanzo chake kabla halijafika kwenye sponji.